Ngome ya Dajiao na swali la nani mwenye haki ya kuahidi kwa niaba ya taifa

Kusini mwa mji wa Guangzhou nchini China, mahali ambapo mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, unamwaga maji yake baharini, kuna wilaya iitwayo Nansha. Anayefika huko leo huona bandari kubwa ya makontena, viwanda, na madaraja mawili marefu yanayovuka mto kuelekea mji wa Dongguan ulioko upande wa mashariki. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1997, na la pili, liitwalo Daraja la Nansha, lilifunguliwa mwaka 2019. Lakini juu ya kilima cha Dajiao, pembezoni mwa maji, yamehifadhiwa mabaki ya ngome ya zamani ambayo mizinga yake iliwahi kuelekezwa baharini kulinda njia ya kuingia Guangzhou. Ng'ambo ya mto, kwenye rasi ya Chuanbi, ilikuwepo ngome nyingine iitwayo Shajiao. Ngome hizo mbili zilikuwa lango la kwanza la Humen, ambalo mabaharia wa Ulaya waliliita Bocca Tigris, yaani Mdomo wa Chui.

Tarehe 7 Januari mwaka 1841 ngome hizo mbili zilitekwa na jeshi la majini la Uingereza kwa siku moja. Wiki mbili baadaye yalitangazwa makubaliano ambayo yamebaki katika vitabu vya historia kwa jina la Makubaliano ya Chuanbi. Makubaliano hayo hayakuwahi kuwa mkataba. Mjumbe wa China aliyeyajadili alifungwa minyororo na kupelekwa Beijing, na mjumbe wa Uingereza alifukuzwa kazi. Kila mmoja alishitakiwa na serikali yake kwa kosa linalofanana: aliahidi jambo ambalo hakuwa na mamlaka ya kuliahidi.

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa mtu binafsi methali hiyo haina utata, kwa kuwa aliyeahidi ndiye anayelipa. Kwa taifa mambo ni tofauti. Anayetia saini ni mtu mmoja, lakini wanaolipa ni mamilioni ya watu, na mara nyingi ni watoto na wajukuu wao. Ndiyo maana karibu kila katiba ya zama hizi ina kifungu kinachoeleza ni nani anayeweza kujadili mkataba na nchi ya nje, na ni nani anayeweza kuuridhia. Yaliyotokea Nansha na Humen yanaonesha jinsi vifungu hivyo vilivyopatikana, na gharama iliyolipwa kabla ya kupatikana kwake.

Chanzo cha vita hivyo kinajulikana. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Uingereza waliingiza kasumba kutoka India hadi China, ingawa serikali ya enzi ya Qing ilikuwa imeipiga marufuku. Mwaka 1839 mfalme Daoguang alimtuma Lin Zexu huko Guangdong kukomesha biashara hiyo. Lin alikamata masanduku zaidi ya elfu 20 ya kasumba, na kuanzia tarehe 3 Juni mwaka huo aliiteketeza hadharani huko Humen kwa kuichanganya na maji ya chumvi na chokaa. Uingereza ilijibu kwa kutuma manowari, ambazo ziliwasili katikati ya mwaka 1840. Manowari hizo zilipofika kaskazini na kukaribia mji mkuu, mfalme alimwondoa Lin Zexu, na mahali pake akamweka Qishan, ofisa wa ngazi ya juu aliyesifika kwa ustadi wa mazungumzo.

Qishan alifika Guangzhou mwishoni mwa mwaka 1840. Aliyekuwa akizungumza naye kwa upande wa Uingereza ni Kapteni Charles Elliot. Mazungumzo yalipokwenda polepole, Elliot aliamuru mashambulizi. Meli ya chuma iendeshwayo kwa mvuke, Nemesis, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoshiriki, na mizinga ya ngome haikuweza kuzizuia. Askari wa China karibu 300 walikufa siku hiyo, na wengi wao walikuwa upande wa Shajiao. Miongoni mwao alikuwa kamanda Chen Liansheng pamoja na mwanawe. Upande wa Uingereza waliojeruhiwa walikuwa 38.

Tarehe 20 Januari Elliot alitangaza kuwa makubaliano ya awali yamefikiwa. Kisiwa cha Hong Kong kingekabidhiwa Uingereza. China ingelipa fidia ya dola za fedha milioni 6 katika muda wa miaka sita. Maofisa wa nchi mbili wangewasiliana kwa usawa. Na bandari ya Guangzhou ingefunguliwa tena kwa biashara baada ya mwaka mpya wa Kichina. Tarehe 26 Januari wanamaji wa Uingereza walipandisha bendera yao huko Hong Kong. Hata hivyo Qishan hakuwa ametia muhuri wake kwenye hati yoyote. Alikuwa ameahidi tu kumwombea Elliot kibali kwa mfalme.

Kutotia muhuri huko hakukuwa jambo dogo. Katika enzi ya Qing hakukuwa na katiba iliyoandikwa, lakini kanuni moja ilieleweka na kila ofisa: ardhi ya nchi ni ya mfalme, na hakuna mtumishi anayeweza kuigawa. Qishan alitumwa kuwatuliza wageni, hakutumwa kugawa kisiwa. Taarifa ya kutekwa kwa ngome za Dajiao na Shajiao ilipofika Beijing, mfalme alikasirika na kuamuru vita viendelee. Kisha gavana wa Guangdong, Yiliang, alipeleka habari kwamba Waingereza wamebandika matangazo huko Hong Kong wakidai kuwa kisiwa hicho kimekuwa chao kwa idhini ya Qishan. Hapo mfalme aliamuru Qishan avuliwe cheo, mali yake itaifishwe, na yeye mwenyewe aletwe mji mkuu akiwa amefungwa. Aliondoka Guangzhou mwezi Machi mwaka 1841. Alihukumiwa kifo, lakini baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa na akarudishwa katika utumishi.

Upande wa pili wa dunia mambo yalikwenda vivyo hivyo. Barua kutoka Guangzhou hadi London ilichukua miezi kadhaa. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Lord Palmerston, alipopata habari za makubaliano hayo alimkaripia Elliot kwa ukali. Alikuwa amempa orodha ya masharti, na Elliot alikubali machache kuliko aliyoagizwa: fidia ilikuwa ndogo, hakuna bandari mpya zilizofunguliwa, kisiwa cha Zhoushan kilichokuwa mikononi mwa jeshi kilirudishwa, na badala yake kilipatikana kisiwa ambacho Palmerston alikiona kuwa mwamba mkavu usio na nyumba. Elliot aliondolewa, na mwaka 1842 alipelekwa kuiwakilisha Uingereza katika Jamhuri ya Texas. Nafasi yake ilichukuliwa na Sir Henry Pottinger.

Basi makubaliano yale yalikataliwa na pande zote mbili, na vita vikaendelea. Tarehe 26 Februari mwaka 1841 ngome zilizobaki za Humen zilianguka, na kamanda wao mkuu, Guan Tianpei, aliuawa akiwa katika zamu yake. Vita vilipanda hadi mto Changjiang, na tarehe 29 Agosti mwaka 1842 ulitiwa saini Mkataba wa Nanjing ndani ya manowari ya Uingereza iitwayo Cornwallis. Safari hii Waingereza walikataa kuzungumza na wajumbe wa China mpaka waoneshwe hati ya mfalme inayowapa mamlaka kamili. Somo la Chuanbi lilikuwa limeeleweka. Bei nayo ilikuwa imepanda: fidia ilifikia dola milioni 21, Hong Kong ilikabidhiwa, na bandari tano za Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai zilifunguliwa. Mfalme Daoguang na Malkia Victoria waliuridhia mkataba huo, na hati za kuridhia zilibadilishwana huko Hong Kong tarehe 26 Juni mwaka 1843.

Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo, wajumbe Qiying na Pottinger walikutana Humen, ng'ambo ya mto kutoka mahali ambapo leo ni Nansha, wakatia saini mkataba wa nyongeza. Kifungu chake cha nane kilieleza kuwa fadhila yoyote ambayo China itaipa nchi nyingine, Uingereza nayo itaipata papo hapo. Nchi nyingine ziliiga. Kuanzia hapo, kila China ilipolazimishwa kuachia kitu kwa nchi moja, ilikuwa imeachia kwa zote. Kanuni za biashara zilizoambatana na mkataba huo zilieleza pia kwamba Mwingereza atakayetenda kosa katika ardhi ya China ataadhibiwa na balozi mdogo wa nchi yake kwa sheria za Uingereza. Utaratibu huo wa mahakama za kibalozi ulidumu kwa miaka 100, kwani Uingereza na Marekani ziliuacha rasmi kwa mikataba ya tarehe 11 Januari mwaka 1943.

Hapa ndipo penye uzito wa historia hii. Makubaliano ya mwaka 1841 yalikuwa na kasoro ya mamlaka, kwa sababu aliyeahidi hakuruhusiwa kuahidi. Mkataba wa mwaka 1843 haukuwa na kasoro hiyo. Wajumbe walikuwa na hati kamili, muhuri ulikuwa sahihi, na mfalme aliridhia. Lakini mzigo wake ulikuwa mkubwa zaidi, na wavuvi na wakulima wa mdomo wa mto Zhujiang, ambao ardhi na maji yao ndiyo yaliyozungumziwa, hawakuulizwa na mtu. Hata kwa Uingereza, yenye bunge la muda mrefu, haki ya kufunga mikataba ilikuwa ya Malkia kwa ushauri wa mawaziri wake, na bunge halikulazimika kutoa ridhaa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1924, serikali ya huko ilipojiwekea desturi ya kuweka mikataba mezani bungeni kwa siku 21 kabla ya kuiridhia, desturi ambayo iligeuzwa kuwa sheria mwaka 2010. Marekani ilikuwa imekwisha chagua njia nyingine tangu katiba yake ya mwaka 1787, inayomtaka rais apate ridhaa ya theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Ni kwa kukosa theluthi hizo ndipo Marekani haikuridhia Mkataba wa Versailles, uliopigiwa kura mwaka 1919 na tena mwaka 1920.

China yenyewe ilijifunza thamani ya kuridhia kabla ya kuwa na katiba. Mwaka 1879 mjumbe wake nchini Russia, Chonghou, alitia saini huko Livadia mkataba ulioachia sehemu kubwa ya bonde la Yili, magharibi mwa Xinjiang. Habari zilipofika Beijing, maofisa wengi walipaza sauti, na serikali ikakataa kuuridhia. Chonghou alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa. Mjumbe mwingine, Zeng Jize, alitumwa kuanza upya, na tarehe 24 Februari mwaka 1881 alitia saini mkataba wa St. Petersburg, ambao uliirudishia China sehemu kubwa ya eneo hilo, ingawa fidia iliongezeka kutoka rubo milioni 5 hadi rubo milioni 9. Ilidhihirika kuwa nafasi kati ya saini na kuridhia ni ngao. Nchi inaweza kuisoma hati kwa utulivu na kusema hapana.

Ngao hiyo ingeshikwa na nani? Miaka ya mwisho ya enzi ya Qing ilitoa majibu mawili yanayopingana. Mwaka 1908 serikali ya mfalme ilichapisha muhtasari wa katiba ulioeleza kwamba kutangaza vita, kufanya amani na kufunga mikataba ni uamuzi wa mfalme peke yake, wala hautapelekwa bungeni. Miaka mitatu baadaye, mapinduzi yakiwa yamelipuka mwaka 1911, serikali hiyohiyo ilitoa kwa haraka vifungu 19 vya katiba, na kimojawapo kilieleza kuwa mkataba wa kimataifa haufungwi bila uamuzi wa bunge. Jibu la pili lilichelewa kuiokoa enzi hiyo, lakini halikupotea. Katiba ya muda ya Jamhuri ya China ya mwezi Machi mwaka 1912 ilisema, katika ibara yake ya 35, kuwa rais atafunga mikataba kwa ridhaa ya baraza la kutunga sheria.

Jaribio halikukawia. Mwezi Januari mwaka 1915 Japan iliwasilisha madai 21 kwa rais Yuan Shikai, ikitaka haki kubwa katika Shandong, Manchuria na kwingineko. Yuan alikuwa amelivunja bunge mwaka mmoja kabla, na kujiandikia sheria mpya ya kikatiba ya mwaka 1914. Hata sheria hiyo aliyojitungia ilisema kuwa kifungu cha mkataba kinachobadilisha mipaka ya nchi au kuongeza mzigo kwa wananchi lazima kipate ridhaa ya bunge. Bunge lenyewe halikuwepo. Japan ilitoa onyo la mwisho, na tarehe 25 Mei mwaka 1915 mikataba ikatiwa saini.

Baadaye wanasheria wa China walitumia hoja hiyohiyo kuipinga mikataba hiyo: ilifungwa kwa vitisho, na haikuridhiwa na bunge kama katiba ilivyotaka. Mwaka 1923, kufuatia azimio la bunge lililokuwa limeitishwa upya, serikali ya Beijing iliitaarifu Japan kuwa mikataba ile si halali. Japan ilikataa. Shandong ilikwisha kurudishwa kwa mazungumzo ya mwaka 1922, lakini Lüshun na Dalian zilibaki mikononi mwa Wajapani.

Kisa hicho kinaonesha mpaka wa nguvu za katiba. Katiba huwafunga watawala wa nchi, lakini jirani mwenye nguvu anaweza kudai kuwa haimhusu. Sheria ya kimataifa ilitafuta njia ya kati katika Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa mwaka 1969, ulioanza kutumika mwaka 1980. Ibara yake ya 46 inasema kuwa nchi haiwezi kuukwepa mkataba kwa kisingizio cha sheria zake za ndani, isipokuwa kama ukiukaji wa sheria hizo ulikuwa wa wazi, na kanuni iliyovunjwa ni ya msingi kabisa. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976, na China mwaka 1997. Fundisho lake ni kwamba kifungu cha katiba kuhusu mikataba kinapaswa kuandikwa waziwazi na kufuatwa hadharani, ili mgeni asiweze kusema kuwa hakukijua.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawataona ugeni katika habari hizi. Mwezi Novemba mwaka 1884, miaka 43 baada ya mizinga ya Dajiao kunyamazishwa, Mjerumani Carl Peters alizunguka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za vidole vya kalamu za watawala wa huko kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Tarehe 29 Novemba alipata ya Mangungu wa Msovero, aliyetajwa kwenye hati kuwa sultani, na ambaye kwa hati hiyo eti alitoa nchi yake milele. Kwa desturi za Usagara ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja kuitoa, na huko Unguja Sultani Barghash alipinga kwa kusema kuwa maeneo hayo yako chini yake. Tarehe 27 Februari mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na mwezi Agosti manowari zake zikatia nanga mbele ya Unguja. Swali la nani mwenye haki ya kuahidi lilijibiwa kwa mizinga, kama lilivyojibiwa kwenye mto Zhujiang.

Kwa hiyo haishangazi kwamba nchi mpya zilipozaliwa, moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuhesabu madeni ya ahadi ambazo hazikuwa zao. Mwezi Septemba mwaka 1949, siku chache kabla ya kutangazwa kwa Jamhuri ya Watu wa China, ilipitishwa Programu ya Pamoja iliyotumika kama katiba ya muda. Ibara yake ya 55 ilieleza kuwa serikali mpya itaichunguza mikataba yote iliyofungwa na serikali iliyotangulia, na kila mmoja utakubaliwa, au utafutwa, au utarekebishwa, au utajadiliwa upya. Miaka 12 baadaye, tarehe 30 Novemba mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alieleza bungeni mjini Dar es Salaam msimamo unaokaribiana na huo. Tanganyika ingeheshimu mikataba ya nchi mbilimbili iliyoachwa na Uingereza kwa muda wa miaka miwili ili iichunguze, na baada ya hapo ule usiothibitishwa au kurekebishwa ungekoma. Kwa msingi huo, mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na makubaliano ya maji ya mto Nile ya mwaka 1929, ambayo Uingereza iliyafikia na Misri bila watu wa kando ya ziwa Victoria kuulizwa. Msimamo huo hujulikana na wanasheria duniani kote kwa jina la Nyerere.

Kukataa ahadi za zamani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweka utaratibu wa ahadi mpya. Katiba ya China ya mwaka 1954, na baadaye ile ya mwaka 1982 inayotumika hadi leo, ziligawa kazi hiyo katika ngazi tatu. Baraza la serikali hujadili na kufunga mikataba. Kamati ya kudumu ya Bunge la umma huamua kuridhia au kufuta mikataba muhimu. Na rais wa nchi hutekeleza uamuzi huo. Sheria ya tarehe 28 Desemba mwaka 1990 ikaorodhesha mikataba isiyoweza kukwepa kuridhiwa, ikiwemo ya urafiki na amani, ya ardhi na mipaka, ya kukabidhiana wahalifu, na yoyote inayopingana na sheria za nchi. Mwaka 2023 sheria nyingine ikaongeza kuwa mkataba usiende kinyume cha katiba. Utaratibu huu ulitumika hata kwa kisiwa kilichoahidiwa mwaka 1841. Tamko la pamoja la China na Uingereza kuhusu Hong Kong lilitiwa saini Beijing tarehe 19 Desemba mwaka 1984, likaidhinishwa na Bunge la umma la China tarehe 10 Aprili mwaka 1985, na hati za kuridhia zikabadilishwana tarehe 27 Mei mwaka huo. Hong Kong ilirudi China tarehe 1 Julai mwaka 1997. Wapo wanaouliza ni kwa kiasi gani bunge la chama kimoja linaweza kusema hapana, na wapo pia waliotaja kwamba wakazi wa Hong Kong wenyewe hawakuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo.

Nchini Tanzania, ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Swali la nani anayesema kwa niaba ya taifa lilizuka mwezi Desemba mwaka 1992, Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu. Mambo ya nje ni ya Muungano, na baada ya kamati ya Bunge kuona kuwa hatua hiyo ilikiuka Katiba, Zanzibar ilijitoa mwezi Agosti mwaka 1993. Hakuna aliyefungwa minyororo kama Qishan. Jambo lilijadiliwa, kifungu kikasomwa, na uamuzi ukabadilishwa. Kenya nayo, kwa katiba ya mwaka 2010 na sheria ya mwaka 2012, iliweka utaratibu unaopitisha mikataba kwenye baraza la mawaziri na Bunge la taifa kabla ya kuridhiwa.

Mwaka 2023 Watanzania walishuhudia uzito wa vifungu hivyo kuhusiana na bandari. Makubaliano kati ya serikali ya Tanzania na serikali ya Dubai juu ya uendelezaji wa bandari, yaliyotiwa saini mwezi Oktoba mwaka 2022, yaliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni mwaka 2023. Mjadala mkali ulizuka nchini kote kuhusu muda wake na masharti yake. Wananchi wanne walifungua kesi Mahakama Kuu mjini Mbeya, na mwezi Agosti mahakama iliitupilia mbali. Walioyaunga mkono makubaliano hayo walisema Katiba imefuatwa. Waliopinga walisema wabunge hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuyachunguza. Kwa maneno mengine, pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba saini ya waziri pekee haitoshi. Kilichobishaniwa ni ubora wa ridhaa.

Huenda huo ndio umbali uliotembewa tangu siku ile ya Januari mwaka 1841. Wakati huo hatima ya mdomo wa mto iliamuliwa na maofisa wawili waliokuwa mbali na wakubwa wao, huku wenyeji wakisubiri kujua bendera ya nani itapepea. Katiba haikuondoa tofauti ya nguvu kati ya mataifa, na kuridhia kwa haraka bila kusoma hakuna faida kuliko muhuri wa mfalme. Hata hivyo kifungu cha katiba humpa mjumbe aliyebanwa mezani jibu ambalo Qishan hakuwa nalo: kwamba yeye amesikia, ataandika, lakini kukubali si kazi yake.

Leo meli zinazopita mbele ya kilima cha Dajiao huelekea bandari ya Nansha zikiwa zimebeba makontena kutoka kila upande wa dunia. Nyuma ya kila kontena ipo mikataba ya forodha, ya usafiri wa baharini na ya biashara. Wananchi wachache wataisoma. Ndiyo maana wale waliokabidhiwa kuisoma kwa niaba yao hawana budi kuisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kabla ahadi haijawa deni.